Bakteria wa Mzee Obonyo

Asenath wa Makongeni alikuwa mtu wa kuchemsha hata kijiko kilichoanguka kwenye meza safi. Kwa hivyo mumewe Obonyo, mstaafu wa reli, alipopatikana na kisukari, dawa ndiyo iliyomsumbua Asenath kuliko ugonjwa.

"Mzee, utameza kidonge kimoja na tonge la kwanza la kila mlo," alieleza Haidari, mwenye duka la dawa Pumwani. "Tumboni kuna vimeng'enya vinavyovunja ugali uwe sukari. Dawa hii inavizuia, sukari isipande ghafla. Imetokana na bakteria wa udongoni."

"Bakteria?" Asenath akauliza.

"Si wao wenyewe, mama. Ni kitu wanachotoa."

"Hata choo ni kitu kinachotolewa."

Nyumbani alivitia vidonge vyote kwenye maji moto na sabuni, akavisugua mpaka vikayeyuka. Obonyo akala ugali bila dawa, na kufikia jioni kiu ilikuwa imemshika na macho yameingia ukungu. Ikabidi wanunue vingine. Asenath akatoa sharti: vidonge vikae nje kwenye roshani, na anayevimeza ale hukohuko. Mvua iliponyesha, majirani walimwona Obonyo akila chini ya mwavuli, wakamsalimu kwa heshima.

Kisha tumbo lake likaanza kunguruma. Jirani wa chini alipanda kuuliza kama wanahamisha kabati. Asenath akampeleka mumewe kliniki.

"Ni kawaida," muuguzi Carolyne akasema. "Wanga ambao haujavunjwa unafika kwa bakteria wa utumbo. Wanaula, wanatoa gesi."

"Wametoka kwa vidonge?"

"Hapana, mama. Walikuwamo tangu utotoni. Ni wengi kuliko watu wa Kenya nzima. Hata wewe unao."

Asenath akatafuta kiti. Njia nzima alitembea polepole kama aliyebeba mayai.

Jumapili kanisani alisimama kuomba. "Baba, wabariki bakteria, wa udongoni na walio ndani ya Obonyo. Washibe, ila wapunguze kelele."

"Amina," waumini wakajibu kabla ya kufikiri. Mzee wa kanisa, Javan, akafungua jicho moja.

Kipimo kilichofuata kilionyesha sukari imeshuka. Mchana huo Asenath alimrudisha mumewe mezani, akampakulia ugali mdogo na sukuma wiki nyingi.

"Kula polepole," akamwambia. "Huli peke yako."