Kitunguu Kilipobisha Hodi

Tangu homa kali ilipomlaza, miezi tisa iliyopita, fundi rangi hakusikia harufu ya kitu chochote. Mkewe, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, ndiye aliyekuwa pua yake. "Bwana wee, maziwa yamechacha hayo!" alikuwa akimwambia, naye akiyamwaga bila ubishi.

Jioni hiyo fundi alitangulia kufika nyumbani, akaamua kupika. Palikuwa na robo kilo ya nyama ya kusaga, karoti mbili, kipande cha kabichi na mchele wa kuwatosha wawili. Vyote angevipika kwenye kikaango kimoja, maana kuosha vyombo na yeye walikuwa mbalimbali. Akakaanga kitunguu huku amekikodolea macho, asije akakiunguza kama juzi.

Alipotia nyama na mboga, kitu kikamgusa puani. Akaganda, mwiko mkononi. Kitunguu! Kisha ikaja nyama, kisha utamu wa karoti, kimoja kimoja, kama wageni wanaoogopa kuingia. Akamimina mchele na maji, akafunika, akafunua tena. Mvuke ukamjaa usoni na machozi yakamtoka.

Mlango ukafunguliwa. Kabla mkewe hajasema neno, harufu ya sabuni na nguo zilizotoka kwenye pasi ikamfikia fundi.

"Unanukia," akasema.

Mkewe akadondosha mkoba. "Umesemaje?"

"Unanukia, mke wangu. Nasikia harufu yako."

Wali ulishika chini kidogo. Waliukwangua wote, naye kila kijiko alikinusa kwanza.