Hewa ni ya Wote

Nchi ya Darimoja haikuwa na mbingu. Ilikuwa na dari, na juu ya dari yalitambaa mabomba mapana ya bati yaliyogawa pumzi ya mashine moja kubwa, baridi wakati wa kiangazi na joto wakati wa kipupwe, kwenda mitaa mitatu: Roshani walikokaa watawala, Sebuleni walikokaa waliotaka kuwa watawala, na Uvunguni walikokaa waliobaki. Kila mtaa ulikuwa na kilango chake ndani ya bomba, bati la duara lililofunguliwa na kufungwa kwa mkono wa chuma. Katiba ya nchi, yenye sentensi moja tu, ilitamka kwamba hewa ni ya wote.

Mtawala, kwa kuwa aliheshimu sheria, hakuigusa Katiba hata nukta. Alibadili jina lake tu, akaitwa Wote, na kwa heshima akatajwa kwa wingi. Tangu siku hiyo, Wote wakila, mpiga mbiu alitangaza kwamba wote wameshiba, na madirisha ya Roshani yakazibwa kwa saruji ili hewa ya Wote isipotee bure.

Mtunza vilango aliitwa Kidawa, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliyekipaka grisi kilango cha Roshani na kukikaza cha Uvunguni kama alivyoagizwa, bila kujiuliza chochote. Alianza kujiuliza kiangazi kile binti yake Raya alipojifungulia Uvunguni, na kichanga kikawa kinahema kwa shida, mwili mzima vipele vya joto. Kidawa alimpepea mjukuu wake kwa kanga, akalia waziwazi, kisha akarudi kazini.

Huko akaikuta mashine inanguruma vibaya. Hata Roshani hewa ilikuwa ikifika kidogokidogo. Kidawa alikagua mota, akafuta vumbi kwenye vichujio, kisha akafungua ubavu wa mashine na kukuta mabomba ya ubaridi yameganda barafu tupu.

Waziri wa Hewa, Bwana Mng'aro, alikuja akijifuta jasho.

"Inaumwa nini?"

"Haiumwi, Mheshimiwa. Imekabwa. Vilango viwili vimefungwa, hewa haina pa kupita, baridi inaigandia humo humo. Tufungue Uvunguni, itapona."

Waziri alipanda Roshani na maneno hayo. Punde sauti ya mtawala ikashuka kwenye bomba, nzito, yenye hasira ya mtu aliyeombwa cha kwake.

"Uvunguni wanataka hewa? Wote wafungiwe! Wote, kabisa!"

Kidawa aliganda kuliko mashine. Aliuona uso wa mjukuu wake. Halafu akakumbuka kwamba katika Darimoja amri ya Wote ilitekelezwa kama ilivyotamkwa, na kuuliza maana yake ulikuwa uhaini.

Waziri aliporudi, alimkuta ameshika mkono wa chuma.

"Wote, Mheshimiwa?"

"Si umesikia? Wote."

"Wa herufi kubwa au ndogo?"

"Mama, herufi kubwa inasikikaje? Unataka nikaulize, ninyongwe? Tekeleza!"

Kidawa akatekeleza. Alikifunga kilango cha Roshani mpaka mwisho, akakaza nati. Na kwa kuwa mashine haikubali kufungwa kote, alivifungua vya Sebuleni na Uvunguni, vikalia kwa kutu. Barafu ilianza kudondoka. Mngurumo ukatulia. Waziri alihisi ubaridi shingoni, akafungua kifungo cha shati.

Baadaye bomba la Roshani likaanza kugongwa kutoka juu.

"Wanataka nini?" aliuliza Waziri kwa sauti ndogo.

"Sijui, baba. Kuuliza ni uhaini," alisema Kidawa, akipangusa grisi vidoleni.

Kugonga kuliendelea, kukapungua. Hakuna aliyepanda kutazama. Jioni mpiga mbiu, aliyezoea tangazo lake kuliko jina lake, alisimama Uvunguni akapaza sauti: "Wote wanapumua vizuri!" Raya, mtoto amelala kifuani, alitazama kulia na kushoto, akaona ni kweli.