Lori la Pua Ndefu

Mume wangu aliniibia baba yangu mchana kweupe, tena ndani ya nyumba yangu, na chai waliyokuwa wakinywa niliipika mimi.

Sitanii. Kabla baba hajahamia kwetu, mimi na yeye tulikuwa na jambo letu. Yeye alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Mimi nauza vipuri, na tangu nipate akili nakusanya vigari vya chuma, vile vya kiwandani vilivyopimwa sawasawa na magari yenyewe, kila kitu kimo isipokuwa ukubwa. Nikipata kipya nilikuwa nampelekea. Anakileta karibu na uso, anakigeuza, anaanza kukisema: hili taa zake zilikuwa chini zaidi, hili likipanda mlima lilikuwa linakohoa kama mzee mvuta tumbaku. Nacheka mpaka basi. Mume wangu ni fundi cherehani. Kwake yeye gari ni kitu cha kupanda na kushuka. Akitukuta tumeinamia kigari, anapita na kitambaa begani na kusema, "Haya, watoto, mchezo mwema."

Macho ya baba yalipozima kabisa, tukamchukua. Chumba cha vigari vyangu kikawa chake, makabati yakabaki ukutani. Mchana mimi niko dukani nabishana na watu wanaotaka bushi za gari wasilolijua hata mwaka wake, na baba anabaki sebuleni na mume wangu, ambaye cherehani yake iko pale dirishani. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikasema afadhali mzee ana mtu wa kuongea naye. Kumbe nimemkabidhi fisi bucha.

Ilianza na vicheko. Narudi kazini, nikifika mlangoni namsikia baba anacheka, nikiingia kicheko kinakatika.

"Mnacheka nini?"

"Mambo ya zamani tu, mama," baba anajibu. Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

Halafu siku moja nikamsikia anamwita mume wangu "mwanangu." Si mkwe, si Fundi kama tunavyomwita wote. Mwanangu! Mimi niliyetoka kiunoni mwake niko jikoni nakata vitunguu, na machozi yale hayakuwa ya vitunguu.

Nikaona nimrudishe. Jumapili nikatoa gari la zimamoto kabatini, nikamkalisha baba kitandani, nikampa. Hapa lazima nieleze, maana asiyekusanya hawezi kuelewa. Sisi hatufungui boksi. Kigari kikitoka kiwandani kimefungwa, kinakaa vivyo hivyo maisha yake yote nyuma ya kidirisha cha plastiki, na ukikitoa, mbele ya wenzako umekiua. Kwa hiyo baba alishika boksi. Akapapasa pembe zake, akapapasa plastiki, akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyezawadiwa shati lisilomwenea. Mimi huku namsomea: injini yake hivi, ngazi yake vile, pampu yake ya namna gani.

"Vizuri, mama," akasema. "Lina boksi zuri." Kisha akageuza shingo kuelekea sebuleni. "Fundi yuko wapi?"

Wivu ulinipanda mpaka masikioni. Nikasema, hawa wawili wana kitu, na kitu hicho nitakijua. Siku mbili baadaye nikaaga dukani mapema, nikaingia nyumbani bila kupiga hodi. Nikawakuta. Baba amekaa kwenye kigoda kando ya cherehani, na katikati yao kuna kilori cha pua ndefu, cha chuma chepesi kile wanachouza vibandani kwa watoto. Mume wangu alikuwa amekikwangua rangi, amekipinda bampa, ameking'oa kioo kimoja cha pembeni. Nyuma alikuwa amekifunika turubai dogo alilolishona kwa bitana ya koti, lina vitundu vya kamba na kamba zenyewe. Baba alikuwa akipitisha kidole juu yake.

"Siyo hapo," alikuwa anasema. "Shuka kidogo. Kiraka kilikuwa karibu na kamba ya pili. Nilikishona mwenyewe kwa waya."

"Hapa, Mzee?"

"Hapo hapo, mwanangu. Hapo!"

Na mkono wa baba umekamata kifundo cha mkono wa mume wangu, unamwongozea sindano. Mimi mkono ule ulinifundisha kuendesha baiskeli. Sikumbuki lini mara ya mwisho ulinishika hivyo.

"Mnafanya nini?"

"Tunatengeneza lori la mzee," mume wangu akasema, anatabasamu kabisa, hana hata habari.

"Hilo?" Nikacheka kwa dharau. "Lori la baba kioo chake cha mbele kilikuwa vipande viwili. Hilo lina kimoja. Hata taa siyo zake."

"Kioo mimi sikioni, mama," baba akasema taratibu.

Nikaingia jikoni, nikapiga masufuria kana kwamba ndiyo yaliyonikosea.

Damu ni nzito kuliko maji, nikajiambia. Huyu mshona suruali hawezi kunishinda kwenye fani yangu mwenyewe. Nikaanza kulitafuta lori la baba lenyewe. Nikauliza wakusanyaji wote ninaowajua, nikasumbua watu, mpaka nikalipata kwa muuza matairi mmoja mwenye kiburi, ambaye hakulitoa mpaka nilipompa basi langu la ghorofa, basi ambalo nilikuwa nalipenda kuliko baadhi ya mashemeji zangu. Lakini lilikuwa lenyewe! Pua ndefu, kioo cha vipande viwili, taa zilizokaa juu ya matairi, ngao ya kiwanda kwenye grili. Limefungwa, halijaguswa na mkono wa mtu.

Jumamosi mchana nikawakuta wote wawili sebuleni. Nikamwekea baba boksi mapajani.

"Baba, nimekuletea lori lako. Lako hasa, siyo la vibandani."

Akapapasa. Nikaona vidole vyake vinafika kwenye plastiki na kusimama, na lile tabasamu la adabu linaanza kuja tena. Sikulivumilia. Nikalinyakua boksi, nikalichana kwa meno.

"We!" mume wangu akaruka. Hata yeye alijua nilichokifanya.

Nikalitia lori mikononi mwa baba. Vidole vikatembea kwenye pua, vikapanda kioo, vikaukuta ule mstari wa katikati unaokigawa, vikashuka kwenye taa. Nilimtazama mume wangu pembeni kwa jicho la ushindi.

"Ndilo lenyewe," baba akasema, na moyo wangu ukaruka. "Ndilo lenyewe siku lilipotoka kiwandani. Siku hiyo mimi sikuwepo. Nililikuta limeshachoka." Akaliweka mezani kwa uangalifu, asije akalikwaruza, kisha akanyoosha mkono hewani. "Ahsante sana, mama. Fundi, hebu nipe lile letu."

Letu!

Kesho yake asubuhi mume wangu alimtoa baba uani amnyoe ndevu kwenye jua. Nikaingia chumbani. Lori lao lilikuwa juu ya mto, mahali ambapo mtu huweka kitu anachotaka kukigusa kabla ya kuamka. Langu lilikuwa kabatini na boksi lake lililochanika. Nikatoka kuchukua wembe wa Fundi pale cherehanini, nikarudi. Sikukusudia kulivunja. Nilitaka tu kufumua kile kiraka, baba akipapasa asikikute, amuulize mwanawe mpenzi kimekwenda wapi.

Nikalishika kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba kikasukuma mlango wa abiria, ukafunguka, na ndani nikagusa kitu laini. Nikachungulia. Upande wa dereva kiti kilikuwa kitupu. Upande wa pili kulikuwa na kimto cha kitambaa cha maua, kimeshonwa kwa mshono mdogo usioonekana kirahisi, na mbele yake utepe umepita na kufungwa fundo nyuma ya kiti. Nikastaajabu. Utingo gani huyu wa kukalia mto?

"Fundi?" Baba alikuwa amesimama mlangoni, anashika ukuta, shavu moja limenyolewa na jingine bado lina povu. "Maji umeshachota? Niletee na taulo."

"Ni mimi, baba."

Akatega sikio. "Umeshika lori. Nasikia mlango wake."

"Baba, hiki kimto cha nani?"

"Chako."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaja akipapasa mpaka kitandani, akakaa.

"Mama yako alipolazwa sikuwa na wa kukuachia," akasema. "Ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kukaa. Nikakuweka pale pembeni, nikakufunga na mtandio wake usianguke, tukaenda. Sijapata kuona abiria msumbufu kama wewe! Lori likitembea, umetulia. Nikisimama tu, kelele. Hata kwenda haja ilikuwa vita. Na usingizi hulali mpaka niimbe, basi mimi naendesha naimba, mlima naimba, mteremko naimba, mpaka madereva wenzangu wakanipa jina."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Wewe uliniuliza taa, mama. Uliniuliza gia." Hakusema kwa lawama. "Fundi aliniuliza nilikuwa nimekaa na nani."

Nikauficha wembe nyuma ya mgongo, kana kwamba anauona. Mambo yote waliyokuwa wakiyachekea, kisha nikiingia wananyamaza, walikuwa wananicheka mimi, mtoto wa kufungwa na mtandio. Na mimi niliyemwonea mume wangu kijicho nikajikuta namwonea kijicho yule mtoto. Alikuwa na baba peke yake, barabara nzima, na hakutunza hata kitu kimoja cha kunipa.

"Ulikuwa unaniimbia nini?" nikauliza.

Baba akafungua mdomo. Akatikisa kichwa, akagonga goti kwa kidole akiutafuta wimbo, akaanza neno la kwanza, akaliacha. "Juzi ulinijia wote," akasema. Kisha akageukia mlangoni na kuita kwa sauti, "Fundi! We Fundi! Ule wimbo wa mama unaanzaje?"

Na kule uani, mume wangu akaanza kuimba. Alikuwa anaujua wote.