Maji Yasiyomwagwa Siku ya Kwanza

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka wa Kichina nilishuka kumwashia udi Guanyin, mungu wetu wa huruma, nikamkuta samaki wa marehemu mume wangu amepanda juu kabisa tangini, mdomo nje ya maji, anahema. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele.

Nilijua kosa ni langu. Siku tatu nyuma, kwenye usafi wa kufunga mwaka, nilisugua nyumba nzima mpaka nikafikia chujio la tangi. Sponji zake mbili zilikuwa nyeusi, zinateleza. Nikaona aibu, mwaka uingie na uchafu ule? Nikazisugua chini ya bomba zikawa kama mpya. Siokhun, mke wa mwanangu, aliniambia, "Mama, Baba alikuwa anaosha moja tu kila mwezi, tena kwa maji ya tangi lenyewe."

Nikamjibu, "Baba yako alikuwa mwanamume. Wanaume na uchafu hawagombani."

Sasa nilikuwa natoka madhabahuni naenda kwenye tangi, natoka kwenye tangi narudi madhabahuni. Samaki yule ana miaka kumi na moja. Kila jioni mume wangu alimsimulia habari za kazini kabla hajanisimulia mimi. Mwaka jana tulikuwa na msiba, hatukufungua mlango kwa wageni. Mwaka huu ndio tunafungua, na yeye afie hapo sebuleni?

"Mama, kaa kidogo, unamtia kizunguzungu," alisema Siokhun. "Tutoe maji nusu, tutie mengine."

"Leo? Siku ya kwanza hata maji ya kunawia uso hayamwagwi. Unataka tumwage riziki ya nyumba?"

"Basi asubiri kesho?"

Tukamtazama. Hakuwa samaki wa kusubiri kesho.

Maduka yalikuwa yamefungwa. Nikavuka kichochoro hadi kwa Hokseng, jirani anayefuga samaki, ambaye chujio lake nimelicheka miaka yote. Akatoka na sweta jipya, anamenya chungwa.

"Hokseng, heri ya mwaka mpya. Chujio lako bado chafu?"

"Shemeji! Hata saa tatu haijafika umeshakuja kunitukana?"

"Sikutukani. Nakuja kuomba uchafu wako."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaniona uso, akaweka chungwa chini, akaingia ndani.

Alikuja na sponji nyeusi ndani ya bakuli la maji, akaiweka kwenye chujio letu. "Huu weusi una vijidudu vinavyokula sumu ya mkojo wa samaki," alisema. "Wewe umeviosha kwa maji ya bomba yenye dawa, vyote vikafa."

"Wee! Siku ya kwanza hatutaji kufa."

"Haya, vimehama. Hivi vyangu ni wapangaji wapya. Lakini maji lazima yapungue, shemeji, leo hii."

Nikamtazama Guanyin. Mama yangu alinikataza kumwaga maji, na mama yake alimkataza yeye. Lakini walikataza yasitoke nyumbani. Yasitoke kwenye tangi, hilo sikuwahi kulisikia.

"Siokhun, leta ndoo!"

Tulijaza ndoo zote mbili, beseni la kufulia, sufuria kubwa ya supu, hata karai langu la kulowekea miguu. Kisha tukateremsha maji yaliyokuwa yamelala mpaka dawa ikaisha kwenye pipa la mume wangu juu ya paa, tukayatia polepole. Wageni walipoanza kuingia walikuwa wanaruka masufuria.

"Mbona nyumba imejaa maji?" aliuliza shangazi wa Siokhun.

"Imejaa riziki," alijibu Hokseng. "Angalia usiipige teke."

Sikukaa vizuri na wageni wangu. Nilimwaga chai mara mbili, macho yangu kwenye kioo cha tangi. Baada ya chakula cha mchana mdomo wa samaki uliingia majini. Jua lilipogeukia ukuta wa jirani alikuwa chini kabisa, anachokora changarawe. Nikapiga magoti mbele ya tangi.

Tuliishi na zile ndoo mpaka siku ya tano, mwiko ulipokwisha, ndipo nikamwagilia maua. Kisha nikachukua kalenda mpya, nikachora duara kwenye tarehe kumi na tano ya kila mwezi, kama alivyokuwa akichora mume wangu: sponji moja, maji ya tangi.

Nikampa Siokhun kalamu aandike jina lake kwenye kila duara. "Utaosha wewe," nilimwambia. "Mikono yangu inapenda weupe mno."