Tundu la Chini ya Mota

Mota ya gari la mjukuu wangu ilikuwa inapozwa kwa upepo, na taabu yote ilianzia hapo. Upepo uingie mbele, upite katikati ya nyaya, utokee nyuma. Lakini palipo na njia ya upepo, maji nayo hayabishi hodi. Na siku ya mashindano, kabla gari halijaruhusiwa kuingia uwanjani, waamuzi hulimwagia maji kama mvua huku umeme umewashwa. Umeme ukivuja hata kidogo kwenda kwenye bodi, kuna kifaa kinachokata kila kitu, na gari hilo linarudi lilikotoka bila kukimbia.

Mjukuu wangu ndiye aliyekabidhiwa mota hiyo. Yeye na wenzake wa chuo walilijenga gari lao kwa miaka miwili, kuanzia mabomba ya chuma hadi usukani. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Mwakani gari lingekuwepo, yeye asingekuwepo.

Mimi nimesuka nyaya za mota za pampu maisha yangu yote ya kazi, na hesabu za umeme nilizisoma shule ya usiku nikiwa tayari ni baba wa watoto. Kwa hiyo aliponieleza shida yake nilijibu bila kufikiri mara mbili.

"Ifunikeni yote, mmalize kazi."

Akacheka. "Babu, nikiifunika itakufa kwa joto kabla haijamaliza mzunguko wa pili. Hii inapumua kama mtu."

Alisema kweli. Mota zangu zilikuwa zimefungwa kama nazi. Ya kwao ilikuwa wazi kama tenga. Wakaitengenezea njia ya upepo yenye kona mbili: maji yagonge ukuta yaanguke, upepo upinde uendelee. Aliponionyesha mchoro wake nilitamani ningeubuni mimi.

Wiki ya mwisho akanipigia simu kutoka karakana yao. Chini kabisa ya mota kulikuwa na tundu dogo, limejaa rangi na vumbi. Wafanyeje?

"Lizibueni," nikamwambia, "tena vizuri."

Nyuma yake mtu alikuwa anasaga chuma. Akasema sawa babu, tutafanya hivyo, simu ikakatika. Nikalala usingizi mzuri.

Siku ya mashindano nilivaa shati langu la kola, nikawahi. Wageni tuliwekwa nyuma ya kamba. Gari lao lilikuwa limekwisha kaguliwa, lina karatasi ya waamuzi iliyobandikwa juu ya mota, linasubiri zamu yake ya maji. Mjukuu wangu akaja kunisalimia pamoja na kijana mmoja mwembamba wanayemwita Msumari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wanangu. Lile tundu la chini mmeliangalia?"

"Lile nililishughulikia mwenyewe," akasema Msumari. "Babu, sasa hivi hata sisimizi hapiti. Nimejaza gundi ya silikoni mpaka ikamwagika."

Nilidhani ni utani. Nikamtazama mjukuu wangu, naye alikuwa anatabasamu.

"Nilisema mlizibue."

"Ulisema tulizibe, babu."

"Mlizibue. Mlifungue. Yale matone yatakayopita kwenye kona zenu yatatokea wapi?"

Tabasamu likamtoka taratibu. Kuziba na kuzibua. Herufi moja tu, nayo ilimezwa na mashine ya kusagia.

"Mimi niliambiwa ziba," akasema Msumari kwa sauti ndogo. "Nikaziba."

Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kimbilia kwa mwamuzi, mama mmoja mwenye kofia pana. Niliwasikia vizuri.

"Mkiigusa mota mnarudi kukaguliwa upya," yule mama alisema, "na ukaguzi umefungwa."

"Ni tundu tu, mama. Dakika moja."

"Hata tundu, mwanangu."

Nikapita chini ya kamba. "Dada, sindano tu inatosha. Waya mwembamba."

"Mzee wangu, ruhusa ingekuwa yangu ningekupa. Tafadhali rudi nyuma ya kamba."

Alisema kwa adabu, sikuwa na pa kumshika. Nikarudi. Mtu anayejua ugonjwa uliko, na dawa yake ni kijiti cha kuchokolea meno, akaambiwa akae na watazamaji.

"Labda kona zetu zitayazuia yote," mjukuu wangu akasema.

"Labda," nikasema. Zilikuwa kona nzuri.

Wakafungulia maji. Yaliligonga gari kutoka kila upande, yakaruka, yakageuka ukungu, na ukungu hauna habari na kona. Taa ya kijani juu ya gari, ya kuonyesha umeme haujakatwa, ikaendelea kuwaka. Msumari alikuwa amekunja mikono kifuani. Maji yakafungwa. Taa bado ya kijani. Kijana mmoja akaanza kupiga makofi, mwamuzi akainua mkono: bado. Gari linatakiwa likae vilevile kwa muda, umeme ukiwaka, ndipo lihesabiwe limefaulu.

Huo muda ndio niliouogopa. Nje maji yalidondoka chini na kwenda zake. Ndani, tone lilikuwa likimfuata mwenzake hadi chini, likikuta mlango umefungwa, likingoja. Nilikuwa nayaona kama ninayaangalia kwenye glasi. Mjukuu wangu alinitazama mara moja tu, kisha akatazama taa.

Ikasikika tak. Taa ikazimika.

Walilisukuma hadi pembeni wakaliinamisha. Msumari akatoboa silikoni yake kwa bisibisi, maji yakatoka, hata kikombe hayakujaa.

"Nisamehe," akamwambia mjukuu wangu.

"Shika hapo, lisianguke," akajibu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa binti yangu, anataka kujua mwanawe amefikia wapi. Nikaishikilia mbali na sikio.

"Mama yako huyu," nikamwambia mjukuu wangu.

"Mwambie tumelowa."

Nikamwambia hivyo hivyo. Binti yangu akauliza kama mtoto ana nguo kavu za kubadilisha. Nikamtazama. Alikuwa mkavu mwili mzima, hata viatu.

"Anazo," nikasema.