Tope la Clement Utting

Clement Utting, mume wa dada yangu, hakuhitaji darubini mpya ili aone ndege. Aliihitaji ili aaminiwe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na maduka huuza la kwanza tu.

Septemba ya mwaka uliotangulia alitoa taarifa kwamba amemwona kitwitwi wa Amerika, ndege mdogo wa topeni anayeonekana kwetu kwa nadra, kwenye kinamasi chetu. Alikuwa peke yake, jua likimpiga usoni, na kamati ya kumbukumbu za ndege ilimjibu kwa heshima kwamba taarifa yake haikuthibitishwa. Katika vibanda vya kuchungulia ndege vya pwani hii ya Norfolk, taarifa ya namna hiyo huitwa kamba, na aliyeitoa husalimiwa kwa neno hilo mpaka asahauliwe au afe. Nawajua waliokimbilia kilimo cha waridi.

Kwa hiyo Clement alitaka picha. Alikuwa na kamera ndogo ya mfukoni, na alikuwa amesoma kwamba ukiiegemeza kwenye lenzi ya kutazamia ya darubini nzuri, humpiga picha ndege aliye mbali kana kwamba ametua mezani. Mimi nilikuwa nimesoma hayo hayo na sikuyaamini. Nilimsindikiza kwa sababu dada yangu alitaka awepo mtu wa kumzuia asichukue iliyo kubwa kuliko zote.

Duka la Neville Bunn limejengwa ukingoni mwa kinamasi, na upande mmoja wote ni dirisha. Mteja hujaribu darubini kwa ndege walio hai. Huo ni uaminifu au ujanja, kutegemea ni nani ametua nje siku hiyo.

"Anza na hii," Bunn alisema, akiipiga kofi dogo ile kubwa. "Hii ndiyo baba lao. Lenzi yake inavuta karibu na kurudisha mbali, utakavyo."

Clement aliinama. "Shemeji, njoo. Naona mpaka kucha."

Kisha aliegemeza kamera. Kwenye kioo chake kikatokea kiduara kidogo cha mwanga, na pembeni giza tupu.

"Unachungulia kwenye tundu la ufunguo," nilisema.

"Ni hiyo lenzi ya kuvuta," Bunn alisema. "Jicho lako linajitafutia pa kukaa. Kamera haina akili hiyo."

Ya pili ilikuwa imenyooka kama bunduki, na Clement, ambaye ni mrefu kuliko inavyofaa ndani ya kibanda, aliipenda mara moja.

"Hiyo utaitumia peke yako," Bunn alimwonya. "Ukiiweka kimo chako, wenzako watatazama kwa kurukaruka."

Ya tatu ilikuwa ndogo, sehemu ya kutazamia imepinda kuelekea juu, na lenzi yake haikuvuta karibu wala kurudisha mbali: ilikuza mara thelathini, basi.

"Mbona sura yake kama bomba la sinki?" Clement aliuliza.

"Liwekee kamera hilo bomba."

Aliiweka. Picha ikajaa kioo kizima, kona hadi kona.

Wakati huo mlango ulifunguka, akaingia Beryl Larter, katibu wa kamati, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua, kuchukua mbegu za alizeti kwa ajili ya ndege wa bustanini kwake.

"Clement," alisema. "Kamba ya mwaka huu ina urefu gani?"

"Bado naipima, Bi Larter."

Akarudi kwenye darubini, akaipitisha taratibu juu ya tope, kisha akasimama. Nilijua amepata kitu. Nyuma ya kigogo alikuwapo kitwitwi mmoja, akitembea kuelekea kwenye matete bila haraka.

Kamera ilikuwa mkononi. Kilichobaki ni kubofya. Lakini desturi yetu ni kwamba aliyempata ndege humpisha kwanza ambaye hajamwona, na sijawahi kuona mtu akiivunja mbele ya wengine. Haisemi lolote kuhusu aliyekuita mwongo. Clement aliitazama kamera, akamtazama ndege, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Bi Larter, njoo. Usiguse stendi."

Aliweka mbegu chini. Lenzi iliyopinda ilikutana na jicho lake bila mtu kurekebisha kitu. Kwa ile iliyonyooka angehitaji kreti.

"Ni nani huyu?" aliuliza.

"Sikuambii. Sema wewe."

Alitazama kwa muda ambao kwa kitwitwi anayetembea ni mrefu sana.

"Miguu ya manjano," alisema hatimaye. "Michirizi ya kifuani imekatika kama imekatwa kwa rula. Tumbo jeupe." Hakuondoa jicho. "Mbaya wewe. Ni yeye. Haya, piga picha yako."

Clement alipoegemeza kamera, ndege alikuwa ameshaingia kwenye matete. Alibofya hata hivyo. Ikatoka picha ya tope na kigogo, safi hadi ukingoni, bila giza wala ndege.

"Hiyo sasa ndiyo kamba," nilisema.

"Picha ni kamba, ndege ni halali," Bi Larter alisema. "Nitaandika jina langu chini ya lako."

"Na wa mwaka jana?"

"Wa mwaka jana hukuniita. Atabaki alipo."

Clement alilifikiria hilo. "Sawa. Ni haki."

Alichukua ya tatu, akatoka nayo begani, na tukaenda kibandani. Mtu mmoja kwenye benchi aliguna, "Kamba imeingia." Bi Larter, aliyekuwa ametutangulia na mbegu zake, hakugeuka. "Ndege wake nimemwona mimi. Sogea akae."

Clement alikaa. Niliona kwamba miguu ya stendi ameiweka chini kuliko mgongo wake ulivyopenda.

Jioni dada yangu aliuliza kama darubini inatoa picha nzuri. Clement alimwonyesha ile aliyopiga. Aliitazama, akasema ni tope. Clement akamjibu kwamba ni tope zuri sana, na akaenda kuchemsha chai.