Tao Chini ya Saruji

Nilikuwa nimeshabandua plasta upana wa viganja viwili juu ya mlango, tindo ilipoanza kutoa sauti nyingine. Saruji iliyoshika vizuri ukiigonga hulia kavu. Hii ililia kama kitu kilichovimba ndani. Nikashusha nyundo, nikaweka sikio ukutani.

Bi Mwajabu aliniuliza kuna nini. Alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara, nilipomwomba akae ili asiangukiwe. Nikamwambia bado nasikiliza.

Nyumba yake ni ya kumi na moja, ya mwisho katika safu ya nyumba za zamani za Mtaa wa Bohari, hapa Kondoa mjini. Barabara inapanuliwa. Nyumba zitakazoandikwa kuwa za kale zitaachwa, na barabara itakula uwanja ulio mkabala. Hii iko penye kona. Isipoandikwa, kona itakatwa hapo hapo, na nyumba itaondoka yote.

Dada Editha, aliyetumwa kutoka Dodoma kuorodhesha, alipita jana na futi kamba na makaratasi yake. Nyumba kumi aliziandika. Hii aliigonga kwa kidole, akasema ni ya saruji, ya juzi. Bi Mwajabu alimweleza kwamba babu yake ndiye aliyeijenga, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa chumba cha nyuma. Editha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba karatasi yake haina mahali pa maelezo ya mdomo, ina mahali pa ukuta. Orodha inafungwa kesho saa sita mchana. Akionyeshwa ukuta wa zamani kabla ya hapo, ataandika.

Saruji ile niliipiga mimi. Miaka minne iliyopita Munira, binti wa Bi Mwajabu, alikuwa anaolewa, na mtaani kwetu nyumba ya bibi harusi hupigwa plasta upya kabla wakwe hawajafika, wasije wakarudi kwao wakisimulia nyufa. Mama mtu alitaka udongo na chokaa, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Nilimshauri saruji. Nilimwambia udongo utamwaibisha. Kazi hiyo nilikuwa nimejifunza kwa kutazama tu, kwenye majengo ya Dodoma, nikadhani nilichokiona ndicho chote kilichopo.

Nikachukua tena tindo. Ukuta nilikuwa nimeuchora kwa mkaa miraba midogo, na kila kipande kilichotoka nilikiweka kwenye karai kwa mpangilio wake. Mraba uliofuata ulitoka mkubwa kuliko nilivyotaka, na udongo wa zamani ukang'oka nao. Nyuma yake palikuwa na matofali ya kuchoma, membamba, yamesimamishwa ubavu kwa ubavu, yakipinda kuelekea katikati ya mlango. Lilikuwa tao. Hakuna fundi wa leo hapa mjini anayejenga hivyo.

Bi Mwajabu aliinuka, akavuka barabara bila kungoja ruhusa yangu. Alilitazama. Akasema alipokuwa mdogo, kabla udongo haujalifunika, alikuwa akiliona kila siku, na kwamba alikuwa amesahau kuwa alilisahau.

Mimi nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Saruji haishiki ukuta laini, kwa hiyo fundi kwanza huutoboatoboa kwa ncha ya sururu. Juu ya mlango nilitoboa kuliko mahali pengine popote, kupitia udongo wa zamani bila kuona kilicho nyuma yake, kwa hofu kwamba plasta ingewaangukia wageni. Kila tofali la tao lilikuwa na majeraha matatu au manne, na ndani ya majeraha hayo unyevu uliozuiwa na saruji ulikuwa umekaa miaka minne. Tofali moja nililigusa kwa kidole, likatoka unga. Tao halikuwa linajishika. Lilikuwa limeshikwa na plasta niliyokuwa naibandua.

"Bi Mwajabu," nikasema, "mashimo haya niliyatoboa mimi."

"Inaanguka?"

"Nikiendelea hivi, inaanguka."

"Na ukiacha?"

"Kesho Editha hataona kitu cha kuandika."

Alijifuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga. "Siku ile ulikuwa na haraka, Pantaleo. Ungedhani unaoa wewe."

Hakucheka. Akaenda kumwita Halfani, seremala wa jirani, aje na mirunda, miti ya kuegemeza.

Tulisimamisha mrunda wa kwanza chini ya tao, na Halfani akainama kugonga kabari. Mchanga ukaanza kumwagika juu yake, mwembamba, bila kukatika. Nikamwambia asiondoe mkono. Akaniuliza mkono upi, maana mmoja ulikuwa kwenye kabari na mwingine kwenye mrunda. Tofali likachomoka, likapita karibu na bega lake, likapasuka kizingitini. Kisha mchanga ukakoma. Tukasimamisha wa pili, na wa tatu.

Editha alitukuta hapo, akirudi kwenye nyumba ya wageni. Alipima, akapiga picha, akaangaza tochi ya simu ndani ya kila shimo. Nilimwomba aandike. Alisema ameona nusu ya tao, na nusu hiyo imesimama kwa miti. Anataka kuona pande zote mbili zikikaa juu ya ukuta wa zamani. Akiandika leo na mhandisi wa barabara akaja kukuta kifusi, nyumba zote kumi zitatiliwa shaka.

"Sikatai, fundi," alisema. "Nasema bado."

Akatuonyesha karatasi. Alikuwa ameandika namba kumi na moja, na mbele yake hapakuwa na kitu. Angerudi saa nne asubuhi.

Alipoondoka, nilianza kukusanya vyombo. Bi Mwajabu akasema jua bado lipo.

"Lipo," nikasema. "Lakini matofali yamelowa. Nikigonga upande wa kushoto sasa, haya yaliyo wazi yatatikisika na kutoka. Yakipigwa na upepo mpaka asubuhi, yatavumilia."

"Una hakika?"

"Hapana."

Aliniangalia, akaliangalia tao, akazunguka kuingia kwa mlango wa uani. Halfani akaongeza kabari moja. Upande wa kushoto wote ulikuwa bado chini ya saruji. Nikatia alama ya mkaa kwenye mraba wa kuanzia asubuhi.